Ulimi wa Mkanda

Bahati, 16 Februari 2025

Hiram ndugu yangu,

Huku tu wazima, isipokuwa magoti ya Mama ambayo hutabiri mvua kila asubuhi na kukosea kila jioni. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Viazi vimekwisha ghalani. Mchungaji amehamishwa, na huyu mpya anahubiri saa moja na nusu, hata tumeanza kumkumbuka yule tuliyekuwa tukimlalamikia.

Naandika kwa amri ya Mama. Tangu tulipotukanana kwa simu mwezi wa Desemba, yeye akiwa ameketi karibu nami akisikia pande zote mbili, ameamua hivi: "Simu inawatoa maneno kabla hamjayatafuna. Andikianeni. Na muandike Kiswahili, hii nyumba sasa iko na mke hajui Kikuyu. Neno hamwezi kuandika Fancy alisome, msiandike."

Basi nalitafuna.

Gari ulilomnunulia Mama ni zuri. Sijawahi kusema si zuri. Ninachosema ni kwamba mkeo halijui. Kwenye viti vya mbele, ubavuni, kuna kitambaa kidogo kilichoandikwa kuwa ndani mna mfuko wa hewa, ule unaofutuka gari likigonga. Fancy amevivika viti hivyo kava nene za ngozi bandia, zimeshonwa na kubana kama gunia la makaa. Mfuko ukitaka kufutuka utafia humo ndani kama kuku kwenye gunia. Ufunguo wa pili anauweka kwenye droo ya dashibodi. Yaani mwizi akivunja kioo atakuta ameandaliwa hata ufunguo. Gari nalo likiwashwa linasema maneno ya Kijapani kwa sauti ya mwanamke, na Mama, kwa kuwa sauti ile ina heshima, huitikia "Amina". Fancy hucheka. Mimi sicheki.

Mama huvaa kitambaa kipya cha kichwa siku Fancy anapokuja kumchukua. Hungoja langoni dakika ishirini kabla ya saa. Akirudi kutoka kwenu Milimani hunieleza chakula walichokula, na jinsi kiti kinavyoweza kulazwa nyuma kikawa kitanda. Ni mimi ninayemkata kucha, Hiram. Ni mimi ninayejua ni jino gani halitafuni. Lakini hakuna anayengojwa langoni kwa sababu ya kukata kucha.

Leseni yangu ni ya mwaka 1994. Mama analala Bahati. Gari la Mama linalala Milimani. Nieleze.

Dada yako,
Wangare

*

Lokichar, 9 Machi 2025

Dada Wangare,

Barua yako imefika na lori la mafuta, ina alama ya kidole cha dereva na harufu ya dizeli. Nipo salama. Jua la huku halitabiri chochote, linapiga tu. Greda moja imekatika shafti na tumekaa wiki nzima tukiitazama. Pole kwa mchungaji.

Nilipiga barua yako picha nikamtumia Fancy, kama Mama alivyotaka. Ametoa zile kava siku hiyo hiyo. Ufunguo wa pili ameuhamishia nyumbani, ndani ya mkebe wa majani chai. Alisema nikuambie asante, kwamba yeye hakujua. Kuhusu Amina, mwache Mama. Yule mwanamke wa Kijapani anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Hakuna dhambi kumwitikia.

Usiwe na wasiwasi sana juu ya wezi. Gari lina traka ya kunionyesha lilipo, niliiweka mimi. Hapa kambini hakuna mtandao ila juu ya kilima, nusu saa ya kupanda. Jumapili wenzangu wakilala mimi hupanda nikatazama nukta ya buluu kwenye simu. Milimani. Kanisani. Bahati. Milimani. Likiibwa, natuma ujumbe mmoja tu na injini inakufa. Fundi aliyeifunga alinionya: "Boss, hii ni ya gari imesimama. Ngoja nukta isimame ndio ubonyeze. Ukizima ikikimbia, unaua mtu."

Swali la ufunguo naomba tulipite. Wewe ulikuwa na Baba. Mimi nilikuwa shule ya bweni, kisha chuoni, kisha kwenye barabara za watu wengine. Kila Jumamosi alikuwa kando yako kwenye pikapu yake ile, wewe ukiendesha, hadi Jumamosi ya mwisho. Mimi nina gari moja tu la kumpa Mama. Niruhusu nichague dereva.

Msalimie ndama.

Hiram

*

Bahati, 13 Aprili 2025

Hiram,

Mvua imekuja, na Mama anadai aliitabiri. Ndama tumemwita Foleni, kwa sababu alizaliwa siku Mama alipokuwa kwenye foleni ya kliniki. Posho mill ya mzee Maina imepata mota mpya na kijiji kizima hakilali kwa kelele zake. Presha ya Mama imeshuka kidogo.

Umeandika "niruhusu nichague dereva" ukaenda zako kulala. Mimi sikulala. Ripoti ya polisi uliisoma mwenyewe mwaka 2011: lori lilisimama ghafla mbele yetu njia ya Gilgil, tukaligonga, na mkanda wa Baba ulikatika. Mkanda ukikatika hakuna wa kuulizwa. Tuliache hilo.

Sasa kuna jipya, na si dogo. Jumapili nilimsindikiza Mama hadi kwenye gari. Akaketi mbele, mlango ukafungwa, gari likaondoka, na mkanda wake ulikuwa bado unaning'inia pembeni. Gari halikulia. Gari hilo hulia hata ukiweka kikapu cha mboga kwenye kiti bila mkanda. Maana yake kuna kitu kimechomekwa. Pale mjini kwenye taa za barabarani wachuuzi wanauza ndimi za chuma, unachomeka kwenye kifungio, gari linaamini kuwa umefunga, linanyamaza. Huu ndio ugonjwa wetu sisi watu wa nchi hii. Tunaagiza gari linalotupigia kelele tusife, halafu tunanunua chuma cha kuliziba mdomo. Ndivyo tunavyomfanyia kila anayetuambia ukweli. Tunatafuta kitu cha kumchomeka.

Nilimuuliza Mama. Akasema, "Muulize Fancy." Nilimuuliza Fancy. Akainama akasema, "Muulize Mama, wifi."

Zamani wanawake wawili wenye siri katika nyumba hii walikuwa Mama na mimi. Sasa wao ni chumba, mimi ni mlango. Wanapita.

Mwambie mkeo autoe ulimi huo.

Wangare

(Karatasi ndogo, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha hiyo hiyo:)

Hii usimtumie Fancy. Ichome. Kliniki ya Mama ni Alhamisi ya pili ya kila mwezi na huisha saa tano. Mama hufikishwa nyumbani saa kumi. Matairi huja na vumbi jeupe ambalo si la Nakuru. Mzee Maina aliliona gari njia ya Gilgil, Machi, na tena juzi. Ina maana Mama huachwa kwenye benchi la kliniki. Gilgil kuna kambi ya jeshi, na mkeo ana miaka thelathini na minne, na mumewe yuko Lokichar. Sisemi zaidi. Iulize nukta yako.

*

Lokichar, 11 Mei 2025

Dada,

Tu wazima. Shafti ya greda imekuja, si yenyewe.

Nimepokea zote mbili. Kubwa nimemtumia Fancy. Ndogo nimeichoma, lakini nilikuwa nimekwisha kuikariri.

Alhamisi nilipanda kilima saa za kazi. Msimamizi alinifokea, nikapanda tu. Saa tano na robo nukta ilitoka kliniki. Ikapita Mbaruk. Ikafika Kariandusi, njia ile ile ya Gilgil, ikasimama kando ya barabara dakika arobaini. Ikarudi. Jioni nilimpigia Fancy nikamuuliza ameshindaje. Akasema, "Kliniki tu. Foleni ilikuwa refu." Hajawahi kunidanganya. Au mimi sijawahi kujua.

Hapo iliposimama hakuna duka wala hoteli. Nimetazama kwenye ramani mara nyingi. Mtu hasimami dakika arobaini mahali kama hapo akiwa peke yake.

Alhamisi ya pili ya Juni ni tarehe kumi na mbili.

Hiram

*

Lokichar, 16 Juni 2025

Dada Wangare,

Fancy amenipigia. Nasikia gari lilizimika ghafla wakiwa barabarani na kwamba Mama amelazwa. Haya magari ya Japani yana taabu za umeme, nimesikia wengi wakisema. Namshukuru Mungu ni mzima. Kazi imebana, nitaomba ruhusa mwezi ukiisha. Tafadhali niandikie hali yake, na fundi amesema nini.

Hiram

*

Bahati, 29 Juni 2025

Hiram,

Mama alitoka hospitali Jumanne. Mfupa wa bega la kulia umevunjika, mbavu mbili zimepata ufa, paji la uso limeshonwa nyuzi saba. Anakula. Anasema uji wa hospitali ulikuwa mtamu kuliko wangu, kwa hiyo najua atapona. Foleni ameanza kula majani. Salamu zimeishia hapo.

Mtu ambaye mama yake amevunjika mifupa hupanda basi. Wewe umeandika barua ya mistari michache, na ndani yake umeweka neno "lilizimika". Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita. Kinachozimika ni mshumaa uliopitiwa na upepo. Fundi alilifungua gari mbele yangu na Fancy, akatikisa kichwa, akasema, "Mathe, hii gari haina ugonjwa. Imezimwa na mwenyewe, kwa simu. Saa saba kasoro kumi." Halikuzimika. Lilizimwa. Kauli hiyo ina mtendaji wake, hata akijificha Lokichar.

Nikueleze ulichofanya, maana nukta haikukuonyesha. Walikuwa wanarudi, wamekaribia Mbaruk, lori la saruji liko nyuma yao. Injini ikafa. Usukani ukawa mzito. Breki ikawa kama kukanyaga jiwe. Fancy akawasha taa za hatari, akaushika usukani kwa nguvu zake zote, akalitoa gari barabarani likaingia mtaroni. Lori likapita likipiga honi na kuondoka na kioo cha pembeni. Fancy alikuwa amefunga mkanda, amebaki na alama kifuani. Mama hakuwa amefunga. Alirushwa mbele kama mzigo, na gari lilikuwa limekaa kimya safari nzima kwa sababu lilikuwa limedanganywa.

Sasa nije kwenye ulimi.

Fundi aliuchomoa kwenye kifungio cha Mama akanikabidhi. Sikuhitaji kuutazama mara mbili. Haukununuliwa mjini. Ni wa zamani, una kutu, na umebaki na kipande cha mkanda wa kijivu, urefu wa kidole. Ncha ya kipande hicho imechomwa kwa kiberiti ili isifumuke. Najua ni kiberiti kwa kuwa niliyekiwasha ni mimi.

Niliupeleka hadi kitandani pa Mama.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Kwa pikapu ya baba yako. Siku ile ile, kabla hawajaivuta."

"Miaka kumi na minne?"

"Ilikuwa kwa kibeti. Si wewe kila siku unaniuliza kibeti ni kizito na nini?"

"Na kwa gari la Fancy ilifikaje?"

"Mkanda wa hiyo gari unanikata hapa shingoni. Nikiuacha, gari inalia kama mtoto wa njaa. Siku moja nikajaribu hii ya baba yako Gachanja, ikaingia, kukawa kimya. Fancy alinigombeza sana. Nikamwambia akiongea tena sipandi, na asikuambie. Akafuta machozi, akaendesha polepole." Pikapu na gari lako ni watoto wa kiwanda kimoja, Hiram. Ndiyo maana ulimi ulikubali.

"Na Kariandusi?"

"Nilitaka kusimama pale baba yako alilala. Tunaomba, tunakula ndizi, tunarudi."

Pale ndipo mahali penyewe pa ajali. Wewe hukuwahi kuonyeshwa. Ulifika siku ya mazishi ukaondoka kesho yake.

"Kwa nini usiniambie mimi nikupeleke?" nikamuuliza.

"Wewe? Kila tukipita hapo unaanza kuongea bei ya kabeji. Nitaomba aje na mtu anaongea kabeji?"

Kisha akanitazama, uso mzima umevimba, akasema, "Kuna kitu unataka kuniambia, Wangare?"

Nikasema naenda kumtafutia uji.

Kwako nitasema, maana karatasi haina macho. Mkanda wa Baba haukukatika. Niliukata. Ilikuwa Januari ya mwaka ule, kwa panga, kwa sababu tulikuwa na mtamba anayeruka ua na kamba zote anazitafuna. Baba alicheka, akasema pingu moja imepungua. Alikuwa akiuita mkanda pingu, na mimi, mwalimu, mwandika barua magazetini, nilicheka naye. Kwenye vizuizi vya polisi alikuwa akijitandazia skafu ya kijivu ya Mama kutoka begani hadi kiunoni, tunapita huku askari ametupungia mkono. Tulikuwa tukifurahi sana, Hiram. Hizo ndizo Jumamosi unazozionea wivu. Polisi waliandika "ulikatika" kwa sababu ndivyo nilivyowatamkia, nikiwa nimesimama kando ya barabara na vumbi jeupe hadi magotini.

Mkanda wenyewe upo. Ndio unaofunga lango la zizi. Nimeufungua na kuufunga kila asubuhi tangu siku hiyo.

Bado sijamaliza. Barua yako ya Mei ilinifikia tarehe ishirini na nane. Neno Kariandusi nililiona, nikajua palepale. Nilikuwa na siku kumi na tano na simu mfukoni. Amri ya Mama haikukataza kupiga simu kuokoa mtu. Sikupiga. Kukuambia mahali pale ni wapi kungenilazimu kusimama pale mwenyewe. Na kulikuwa na jambo lingine, baya zaidi. Nilitaka Fancy ateseke kidogo. Si sana. Kiasi cha mumewe kumnyamazia wiki moja, kiasi cha Mama kurudi kunieleza mimi mambo yake. Nilidhani wivu unaweza kupimwa kwa kijiko.

Watu husema ulimi hauna mfupa. Wangu una chuma, nami niliuchomeka ndani ya kichwa chako kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne.

Nimeandika kitenzi changu, na mtendaji wake nimemtaja. Andika chako.

Wangare

*

Lokichar, 13 Julai 2025

Wangare,

Nilizima.

Nukta ilikuwa inatembea. Niliiona inatembea, na onyo la fundi nilikuwa nalo kichwani neno kwa neno. Nilitaka akwame huko, yeye na huyo niliyemtengeneza akilini, halafu nimpigie nimwambie nimekuona. Nikabonyeza. Nukta ikasimama, nikafurahi. Nilifurahi kama sekunde kumi na tano hivi. Hizo sekunde sitazipeleka popote.

Nimemwambia Fancy. Akasema, "Ungeniuliza, Hiram. Mama alinikataza kusema, lakini ungeniuliza hivyo wazi, ningekuambia." Halafu akasema nije nimwambie tena nikiwa mbele yake.

Kuhusu Baba sijui niseme nini. Miaka yote nilikunyima imani kwa sababu nilidhani uliendesha kwa kasi. Nilikuwa nimekwisha kukuhukumu kwa kosa ambalo hukulifanya, na sasa umenipa lile ulilolifanya, na mimi sina tena kiti cha kuketi nikuhukumu. Kuna kitu kingine. Hata kifo chake nilikionea wivu. Kwamba ulikuwa naye peke yako.

Lakini si mimi wa kuambiwa habari ya mkanda. Unajua ni nani.

Napanda lori la Jumanne.

Hiram

*

Bahati, 17 Agosti 2025

Hiram,

Umeondoka siku tisa tu na Mama anasema nyumba ina mwangwi. Bega limeunga. Foleni ameruka ua mara mbili, ni wa ukoo ule ule. Fancy amekutumia chapati na lori la mafuta, lakini usijidanganye, chapati si msamaha. Nenosiri la traka analo yeye sasa, na ni sawa lilipo.

Gari liliporudi kutoka kwa fundi, Fancy alimlalamikia kuwa mkanda unamkata Mama shingoni. Fundi akafungua mlango, akashika pale mkanda unapotokea juu kwenye nguzo, akabonyeza, akakisukuma chini kile kitu kama anayefungua dirisha. Upana wa vidole vinne. Mkanda ukaondoka shingoni ukakaa begani. "Hii imekuwa hapa siku zote, mathe," akasema. Kitabu cha gari ni cha Kijapani na hakuna aliyeuliza, mimi nikiwa wa kwanza, mimi niliyekuandikia kurasa nzima kuhusu kava za viti. Nilijua kila kitu ambacho Fancy alikosea. Sikuwahi kumuuliza Mama kwa nini hafungi.

Alhamisi ilikuwa kliniki. Nilikwenda nao. Tulipotoka, Fancy akanipa ufunguo.

"Endesha wewe leo, wifi. Mimi nitakaa nyuma."

Karibu nikatae. Ufunguo ungenifurahisha zaidi kama ningeunyakua, na yeye alinipa kwa mkono wazi, kama mtu anayekuomba umshikie mtoto.

Niliendesha. Karibu na Kariandusi nilihisi kabeji zinanijia mdomoni nikafunga midomo. Nilisimama. Mama akashuka. Na hapo, ndugu yangu, nikaona kwamba Fancy anajua jiwe analoketi Mama. Anajua kumshika kiwiko wala si mkono. Anajua kuwa ndizi huliwa baada ya sala. Ule moto ukaniwaka tena, mbichi, mahali pale pale alipofia Baba. Nakuambia ili usifikiri nimepona. Nilikuwa na maneno ya kumwambia Mama tangu Juni, nimeyatafuna hadi yamekuwa laini, na niliyameza pamoja na ndizi.

Tukarudi garini. Mama akafunga mkanda wake mwenyewe, kwa fahari, akaupigapiga. Nikawasha gari. Mwanamke wa Kijapani akasema yake, Mama akaitikia Amina. Nikaachia breki ya mkono, magari yakapungua, nikaanza kuingia barabarani, na gari likaanza kulia.

Nikasimama. Nikamtazama Mama: amefunga. Nikamtazama Fancy kwenye kioo: amefunga, akauvuta mkanda wake anionyeshe. Gari linaendelea kulia.

"Mama, ni ule ulimi tena?" nikamuuliza kwa ukali. "Umeurudisha?"

"Wangare," akasema Mama, "ni wewe."

Nikatazama kifua changu. Hakukuwa na kitu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu ya usukani na sikuweza kuiondoa.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ni mimi. Haukukatika. Niliukata mimi, nikamfungia mtamba."

Gari lilikuwa bado linalia. Mama alitazama mbele barabarani, malori yakipita, na nilimwona akimeza mate kama anayemaliza dawa chungu.

"Najua," akasema. "Nimengoja sana. Sasa funga twende, inatupigia kelele."

Dada yako,
Wangare